Mguu Gani Unaanza

"Hizi zikiwa zinatembea, mtu anaanza na mguu gani?"

Aliniuliza hivyo mama mmoja muuza korosho, tukiwa tumesimama ndani ya jengo la maduka pale Kariakoo, mbele ya ngazi za umeme ambazo hazikuwa zikitembea kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Nimepanda ngazi za namna hiyo miaka mingi na sijawahi kuitazama miguu yangu. Nikacheka, nikamwambia, "Utaona tu mama, zenyewe zinakuchukua."

Yeye hakucheka. Alishika kile kishikio cheusi cha mpira, akakibonyeza kidogo, kama mtu anayekagua papai.

Kesho yake alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, peke yake, kwenda Malesia. Na kazi yangu mchana ule ilikuwa moja tu: kuhakikisha amepanda ngazi hizo zikiwa zinatembea.

Nilikuwa na miezi mitano kwenye ofisi ya safari, ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani upande wa Kisutu. Tulikuwa wawili, mimi na bosi. Bosi alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa mtaa huohuo, na kila asubuhi alipitia hekaluni kabla ya kufungua ofisi, kwa hiyo aliingia na alama nyekundu kwenye paji la uso na funguo mkononi, tayari ananisema. "Msomi, umechelewa dakika nne. Ndege ingekuwa imeshafunga mlango."

Msomi ndilo jina aliloniita. Nilikuwa na shahada ya sosholojia na tabia ya kudai ushahidi wa kila kitu. Mtu akisema maji ya dafu yanasafisha figo, nauliza nani kapima. Nilidhani kazi ya ofisi ya safari ni kutafuta tiketi kwenye kompyuta, na kwa kazi hiyo sikuona kwa nini tuwepo kabisa, maana simu ya mtu yeyote inaweza kuitafuta. Nilimwambia hivyo wiki ya kwanza.

"Kweli kabisa," akasema. "Tiketi hata simu inauza. Mimi nauza kufika."

Namna yake ya kuuza kufika ilikuwa daftari. Kila mteja alikuwa na daftari lake la shule, lile la kurasa arobaini na nane, na kabla bosi hajagusa kompyuta alimkalisha mteja, akamwagizia chai, akaanza kumuuliza maswali ambayo niliyaona kama umbea. Unaamka saa ngapi bila kuamshwa? Ukiwa na wasiwasi, unakula sana au huli kabisa? Choo cha kukaa unakiweza? Nani atakuwa wa kwanza kukukasirikia ukichelewa? Mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa anakwenda kufungasha mzigo China alipangiwa hoteli mbali na soko kwa sababu alikiri kwamba akiamka karibu na maduka hawezi kujizuia kununua. Mzee mmoja wa Magomeni alibadilishiwa siku ya safari kwa sababu mkewe alikuwa na dozi ya sindano Jumatano na bosi alisema mzee atasahau pasipoti akimwacha mke hajachomwa.

Kwa wale wa mara ya kwanza kulikuwa na ukurasa wa mwisho wenye mambo matatu ya kuwekewa alama ya vema. Anaweza kusoma namba ya geti kwenye karatasi. Anaweza kufunga na kufungua mkanda. Tulikuwa na mkanda halisi wa ndege, umefungwa kwenye kiti cha wageni. Amepanda ngazi za umeme, kwenda juu na kurudi chini. Hili la tatu lilifanyikia Kariakoo, na mteja alisindikizwa. Bila alama tatu bosi hakutoa tiketi.

Mimi hilo lilinikera. Niliona ni dharau iliyovaa nguo ya huruma. Mtu mzima, amelea watoto, ameendesha biashara, halafu sisi tunamshika mkono kumpandisha ngazi kama mtoto wa chekechea. Tena nilijiuliza, kwani yule Mzungu anayeshuka hapa akaenda kupanda boti ya Magogoni kwa mara ya kwanza, nani humfanyisha mazoezi?

"Hakuna," bosi alinijibu. "Ndiyo maana unawaona wanavyozubaa pale."

Yule mama wa korosho alikuja Ijumaa, mchana uleule pasipoti yake ilipotoka baada ya kucheleweshwa karibu mwezi mzima. Alikuwa mwenyeji wa Lindi aliyeishi Ilala miaka mingi, na korosho zake alizipanga kwenye kibaraza kimoja upande wa sokoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu huku anatafuta pa kuweka mfuko aliotuletea.

Shida yake ilikuwa hii. Binti yake aliolewa Malesia. Mimba ya kwanza ilimtoka ikiwa na miezi saba, akiwa peke yake hospitali, mume yuko kazini mji mwingine. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na madaktari walikuwa wamempangia kujifungua kwa upasuaji Alhamisi asubuhi. Alimwambia mama yake kwenye simu, safari hii siingii kwenye kile chumba kabla sijakuona uso.

"Uso tu," mama akasema. "Hataki kingine. Hata huu uji wa pilipili manga nitakaompikia siku arobaini ameniambia nisihangaike, huko kuna kila kitu. Lakini uso wangu huko hakuna."

Bosi aliandika juu kabisa ya daftari: *Afike kabla ya Alhamisi asubuhi.* Akapiga mstari chini yake mara mbili. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya Jumanne jioni, kubadilisha ndege usiku kwenye uwanja mmoja mkubwa wa nchi za Ghuba, kufika Jumatano mchana. Ikikosekana hiyo, hakuna nyingine ya kuwahi.

Halafu yakaanza maswali.

"Unaogopa nini?"

"Mungu."

"Na baada ya Mungu?"

"Mkwe wangu. Anaongea Kiingereza tu, mimi nitabaki natabasamu kama picha ya ukutani."

Bosi alicheka mpaka miwani ikashuka. Akauliza, "Ukipotea sokoni, unasimama au unatembea?"

"Nipotee Kariakoo? Mimi?"

"Tuseme ile siku ya kwanza umetoka Lindi."

Mama alifikiri. Aliyachukulia maswali yale kwa uzito kuliko nilivyoyachukulia mimi. "Nasimama," akasema. "Nikitembea, anayenitafuta na mimi tutakuwa tunapishana."

Bosi alimshauri akubali kiti cha magurudumu, kwa sababu anayekisukuma hukufikisha mpaka mlango wa ndege nyingine. Mama alikataa katakata. "Niko mzima, dada yangu. Watakaonisindikiza uwanjani watakuwa watu ishirini. Wakiniona nimekalishwa kwenye kiti, kabla ndege haijaruka Ilala nzima itajua nimepelekwa kutibiwa."

"Haya. Basi ngazi lazima azijue," bosi akaniambia mimi. "Uwanja ule nimepita mwenyewe. Ukishuka, unapanda ngazi ndefu za umeme ndiyo uyaone mageti. Jumatatu umpeleke. Sio mara moja. Apande mpaka achoke."

Jumatatu nilikuwa na jambo langu. Kuna shirika moja lilikuwa limeniita kwenye usaili, saa nane mchana, kazi ya utafiti, kazi niliyoamini ndiyo yangu hasa. Bosi sikumwambia. Nilipanga nimpeleke mama saa sita, nimalize saa sita na nusu, niondoke. Tulipofika kwenye jengo umeme ulikuwa umekatika.

"Jenereta ni ya taa na mashine za maduka tu, dada," mlinzi akasema. "Ngazi hizi mpaka urudi wenyewe."

"Unarudi saa ngapi?"

"Hilo waulize wanaoukata."

Tulisubiri. Nilitazama saa kwenye simu mara nyingi sana, mpaka mama akaniuliza kama nina mgonjwa. Saa saba kasoro akasema, "Si tupande hivihivi?" Tukapanda kwa miguu, kama ngazi za kawaida. Vidato vya mwanzo vilikuwa vifupi, vya katikati virefu kupita kiasi, na mama alisimama mara moja kupumua. Tukashuka kwa miguu vilevile. Tulipofika chini ndipo aliponiuliza lile swali la mguu, nami nikamjibu utaona tu.

Akauliza tena, kwa namna nyingine. "Maana msikitini unaingia na wa kulia. Chooni wa kushoto. Hapa je?"

"Wowote, mama."

"Wowote," akarudia, na sauti yake haikuonyesha kama ameridhika.

Kisha nikasema jambo ambalo bado nalisikia. Nikasema, "Mama, wewe huhitaji kufundishwa hivi vitu. Umelea watoto wanne mjini hapa." Niliamini ninampa heshima. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Haya mwanangu, kimbia, naona una haraka." Ofisini niliingia dakika mbili tu, bosi yuko kwenye simu. Nilifungua daftari, nikaweka vema kwenye jambo la tatu. Kwenye usaili sikupata kazi.

Jumanne walimsindikiza, si watu ishirini ila kumi na saba, niliwahesabu. Alivaa kanga mpya juu ya gauni na akambeba mjukuu mmoja mpaka mlango wa kuingilia. Nilimwonyesha tena karatasi ya geti. Aliisoma vizuri.

Jumatano saa nne asubuhi, simu ya ofisi ikapokea ujumbe kutoka Malesia. Mkwe, kwa Kiingereza, sentensi fupi. Ndege imefika. Abiria wote wametoka. Mama hayupo.

Bosi aliusoma mara mbili kisha akanipa niusome mimi. Simu ya mama haikupatikana. Laini yake haikuwa inafanya kazi nje ya nchi, hilo tulilijua, ndiyo sababu alikuwa na kadi shingoni yenye namba zetu. Bosi alipiga kwa watu wa ndege. Alisubiri, akabofya namba waliyomwambia abofye, akasubiri tena muziki ukipigwa. Mwishowe wakamwambia alipanda Dar, akashuka Ghuba, na ndege ya pili hakuipanda. Mizigo yake ilishushwa. Zaidi ya hapo hawajui.

"Masaa kumi na mbili hayo yuko pale," bosi akasema polepole, akihesabu kwa vidole. "Yuko pale tangu jana usiku."

Halafu akavuta daftari la mama, akafungua ukurasa wa mwisho. Niliona kidole chake kikishuka. La kwanza. La pili. La tatu.

"Ngazi alipanda?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliiona kabisa, kama mtu anavyoona shimo la mtaro mbele yake barabarani. Mimi niliyekuwa nikimdai kila mtu ushahidi, nilikuwa nimeandika ushahidi wa uongo kwa mkono wangu na ulikuwa mezani.

"Alipanda," nikasema.

"Basi siyo ngazi," akasema bosi, akafunga.

Akainuka, akaenda kwenye kabati la madaftari. Alikuwa na miaka mingi ya madaftari pale, yamepangwa kwa namna aliyoijua yeye tu, na mimi nilikuwa nimewahi kumshauri ayatupe. Alitoa moja, akatoa la pili, akalirudisha, akapata alilotaka. Kijana wa Temeke aliyesafiri miaka mitatu nyuma kwenda kufanya kazi kwenye mgahawa ndani ya uwanja uleule. Bosi alikuwa ameandika zamu zake, na jina la dada yake aliyekuwa na namba zake zote. Ndani ya robo saa alikuwa akiongea naye.

"Mambo vipi, baba. Bado unachemsha kahawa? Sikiliza. Nina mama yangu hapo, kapotea. Hapana, usizunguke. Huyu hatembei. Aliniambia mwenyewe, akipotea anasimama. Anzia pale wanaposhukia, utamkuta palepale."

Tukakaa. Alikuja mteja kuulizia safari ya Mumbai, bosi akamwambia arudi kesho. Mkwe aliandika tena: mke wake anauliza, aseme nini? Bosi aliniambia nimjibu kwamba tunamtafuta na tutampata. Niliandika "tutampata" nikaifuta, nikaandika tena. Nilikuwa nawaza vitu ambavyo mtu huwaza. Kwamba presha imemwangusha. Kwamba ameingia mlango asiopaswa, amekamatwa na watu asioelewa lugha yao. Niliwaza pia, naona aibu kukiri, kama bosi atanifukuza, na nikajaribu kukumbuka kama mlinzi wa lile jengo anaijua sura yangu.

Simu iliita saa saba kasoro robo.

"Nimempata mama," yule kijana akasema. Bosi alikuwa ameweka sauti ya nje. "Mzima. Yuko chini ya ngazi za umeme, amekalia begi lake. Watu wa usafi wanasema yuko hapo tangu usiku. Kuna mmoja kampa maji. Nimemwamkia kwa Kiswahili akalia kidogo, sasa hivi anakunywa chai."

Sikumtazama bosi. Nilihisi ananitazama.

"Mpe simu," akasema.

Sauti ya mama ilikuja ndogo lakini ya kawaida. "Dada yangu, nisamehe. Nilisinzia. Nilikaa nipumzike kidogo, usingizi ukanichukua, nikaamka ndege imeondoka."

"Usingizi?"

"Usingizi, dada. Uzee huu. Mwanangu ameshaambiwa?"

Kiti cha karibu kilichopatikana kilikuwa cha usiku ule, cha kufika Alhamisi alasiri. Bosi aliongea na watu wa ndege, akabembeleza, akafoka kwa Kigujarati kwa ndugu yake mmoja aliyekuwa na rafiki kwenye kampuni nyingine. Hakikupatikana cha mapema. Yule kijana alimaliza zamu yake, akabaki na mama mpaka saa ya kuondoka. Alimpandisha yeye. Alituandikia baadaye kwamba walitumia lifti, ilikuwa hatua ishirini nyuma ya mahali alipokuwa amekaa.

Alhamisi asubuhi, saa za kwao, binti aliingia chumba cha upasuaji. Mkwe alituambia kwamba mkewe alikwenda na simu mkononi mpaka mlangoni, akipiga namba ya mama yake ambayo alijua haiwezi kuita, maana mama alikuwa angani. Muuguzi aliichukua simu kwa upole. Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, mkubwa. Binti naye alikuwa mzima. Mama alifika saa sita baadaye na pilipili manga zake, akapika uji siku zote arobaini. Mtu anaweza kusema hakuna kilichoharibika. Mimi mwenyewe nilijisemea hivyo mara nyingi, na kila nilipojisemea nilimwona mtu akibonyeza namba isiyoita.

Aliporudi alitupitia ofisini na zawadi: chai ya boksi kwa bosi, kitambaa cha kichwa kwangu. Kurudi alikuwa amesafiri na familia moja ya Kitanzania, bosi ndiye aliyewatafuta. Alisimulia choo kinachorusha maji chenyewe, na mkwe aliyejifunza kusema "mama kula". Kuhusu ule usiku alirudia neno lilelile. Nilisinzia. Alilisema akiwa ananitazama mimi, bila hasira yoyote, akaniuliza kama nimeshaolewa. Nilitaka kumuuliza alisimama pale kwa muda gani kabla ya kukaa, na watu walimpita wangapi, na kama aliujaribu mguu wa kulia. Sikumuuliza. Nilimsindikiza mpaka chini barabarani, nikambebea mfuko, tukaagana.

Nilibaki kwenye kazi ile. Sijui kama ni kwa mapenzi au kwa deni la namna fulani. Niliacha kubishana juu ya mambo matatu ya ukurasa wa mwisho, na umeme ukikatika nilikaa na mteja kwenye ngazi hizo, wakati mwingine mpaka jioni, tukila karanga na kutaniwa na mlinzi. Swali la mguu gani nililitafutia jibu kwa kujitazama. Mimi naanza na wa kushoto. Huwa nawaambia wateja hivyo, na nawaambia pia kwamba sina ushahidi wowote kuwa ndio bora.

Mwaka jana magoti ya bosi yalimzidi, akawa haziwezi tena ngazi za jengo letu, ambazo si za umeme. Alinikabidhi funguo na kabati. Akakaa nami siku nzima akinielekeza nisiyoyajua, na mwisho, akiwa ameshasimama na mkongojo wake, akasema, "Na usisahau simu ya jioni."

"Simu gani?"

"Siku moja kabla ya safari, jioni, nikiwa nyumbani, nampigia kila wa mara ya kwanza. Nauliza yale matatu upya. Alama ya kwenye daftari ni ya kwetu. Nataka kusikia yeye anasemaje."

Nilimuuliza kama alimpigia hata yule mama wa korosho.

"Nilimpigia," akasema. "Aliniambia amepanda mara tatu, zikitembea, na wewe ulimshika mkono."